Tezi za Kennedy zilikufa akiwa kijana, akaishi kwa homoni za kumeza: kisa kizima

Nataka nichambue kisa kimoja ambacho kwa upande wa homoni sijaona kingine kinachofundisha kukizidi, nacho ni cha John F. Kennedy, rais wa 35 wa Marekani. Wengi wanamjua kwa Dallas na zile risasi, wengine kwa mgogoro wa makombora ya Cuba, ila mwili wa yule mtu wenyewe ulikuwa ni kesi kubwa ya tezi, na kwa miaka mingi familia na madaktari wake waliificha kwa nguvu zote. Leo mafaili yake yameshafunguliwa, madaktari wameshaandika, kwahiyo tunaweza kuipitia yote bila kubahatisha.

Tuanze na tezi zenyewe kwanza maana bila hapo kisa hakitaeleweka. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo ya gramu nne tano hivi, rangi yake inaelekea njano, inaitwa adrenali. Ina sehemu mbili, ganda la nje na kiini cha ndani. Kiini ndo kinatoa adrenalini, ile ya moyo kudunda ukishtuka, na watu wakisikia adrenali wanawaza hiyo tu, wakati adrenalini unaweza kuikosa kutoka hapo na ukaendelea kuishi. Usichoweza kukikosa ni vinavyotoka kwenye ganda, yaani kotisoli na aldosteroni. Kotisoli inashikilia sukari kwenye damu ukiwa hujala, inaifanya mishipa ya damu iitikie ili presha isianguke, na inaipoza kinga ya mwili isiwake kupita kiasi. Aldosteroni yenyewe inaziambia figo zibakize chumvi na zitoe potasiamu. Ukizikosa zote mbili chumvi inatoka na mkojo, maji yanaifuata, presha inashuka, sukari inashuka, potasiamu inapanda mpaka moyo unaweza kusimama. Hapo ndo mtu anakufa, na anaweza kufa ndani ya masaa.

Na tezi hizi hazijiamulii. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo kama punje ya njegere, pituitari, inatoa homoni inaitwa ACTH ya kuziamrisha adrenali zitoe kotisoli, na kotisoli ikitosha pituitari inapunguza amri. Sasa adrenali zikifa pituitari haijui kwamba huko hakuna mtu, inazidi kutoa ACTH kama bosi anayepiga simu kwenye ofisi iliyofungwa, na ACTH ikizidi sana inagusa zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ndo maana mgonjwa wa namna hii anakuwa mweusi bila jua. Kwa mzungu unaona amekuwa kama katoka ufukweni. Kwetu sisi ngozi nzima inaweza isikuambie kitu, unatakiwa uangalie kwenye fizi, ndani ya mashavu, kwenye mikunjo ya viganja, kwenye vifundo vya vidole, na kwenye kovu ambalo limepatikana karibuni, ukikuta pamekolea weusi wa ajabu na mtu mwenyewe anakonda, anatapika, kizunguzungu kila akisimama, na anatamani chumvi mpaka anairamba, basi hiyo sio ya kupewa vitamini na kurudishwa nyumbani. Ugonjwa huu unaitwa Addison, kwa jina la daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, aliyeueleza mwaka 1855 kwa wagonjwa 11.

Sasa Kennedy. Alizaliwa 1917, na tangu utotoni alikuwa mtu wa kuumwa umwa, tumbo halikumwacha, akalazwa mara nyingi akiwa shuleni bila jibu la kueleweka. Vita vikaja, boti yake PT-109 ikapasuliwa na meli ya Wajapani kule visiwa vya Solomon mwezi wa nane 1943, akarudi na mgongo mbovu na malaria. Hiyo malaria muishike kichwani, maana baadaye ilitumika kuficha mambo. Mwaka 1946 anagombea ubunge Boston, kwenye maandamano ya sherehe mwishoni mwishoni mwa kampeni akaanguka, waliokuwepo wakasema alibadilika rangi kabisa. Ikasemwa ni malaria imerudi. Na msomaji wa huku kwetu ataelewa haraka sana, homa, kutapika, kuishiwa nguvu, macho na ngozi vimebadilika rangi, nani hatasema malaria? Hilo neno limefunika magonjwa mengi mno.

Mwezi wa tisa 1947 akiwa na miaka 30 alikuwa safarini Ireland kumtembelea dada yake Kathleen, halafu akafika London hali ikawa mbaya, akalazwa, na daktari aliyemwona, Daniel Davis, ndo akautaja ugonjwa: Addison. Akamwambia rafiki wa mgonjwa kwamba huyu kijana mwaka mmoja haumalizi. Na daktari hakuwa anatisha watu, kwa wakati ule ndivyo ilivyokuwa. Akarudishwa Marekani kwa meli ya Queen Mary mwezi wa kumi akiwa hoi, na wakati huo padri akampa mpako wa mwisho. Mbunge mpya, miaka 30, anapakwa mafuta ya kufia kwa sababu ya tezi mbili ambazo ukiziweka kwenye kiganja hazijai.

Kilichomwokoa ni kwamba kemia ilikuwa imefika mahali pazuri kwa wakati. Mwaka 1937 ilishatengenezwa homoni ya bandia inayofanya kazi ya kubakiza chumvi, kwa kifupi DOCA, na madaktari walikuwa wanaigandamiza inakuwa kitonge kidogo, wanachana ngozi kidogo, wanakipachika chini ya ngozi, kinayeyuka polepole kwa miezi. Kennedy alikuwa anapachikwa miligramu 150 kila baada ya miezi mitatu. Hiyo ikamshikia chumvi na presha. Ila DOCA haifanyi kazi ya kotisoli, sukari na mwitikio wa mwili kwenye maradhi bado vilikuwa wazi, na pengo hilo likazibwa na kotisoni, dawa iliyotumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi pale Mayo Clinic mwezi wa tisa 1948, na kufikia 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Nobel kwa kazi ya homoni hizi. Kennedy akaanza kumeza miligramu 25 kila siku. Mimi hapa huwa nasimama kidogo, maana angeugua miaka ishirini nyuma asingekuwepo wa kumwandika.

Lakini kuwa na dawa ni jambo moja na kujua kanuni yake ni jambo jingine. Mwili mzima wenye tezi nzima ukitulia unatengeneza karibu miligramu 10 za kotisoli kwa siku, nyingi zikiwa alfajiri kabla hujaamka. Ukipata homa kali, ukivunjika, ukipasuliwa, tezi zinaongeza mara kadhaa bila wewe kuambiwa. Mtu wa vidonge hana hiyo nyongeza, anachomeza ndo hichohicho, kwahiyo siku ya kuumwa kidonge chake cha kila siku hakimtoshi. Mwaka 1951 Kennedy alikuwa kwenye ziara ndefu ya Asia na mdogo wake Robert na dada yao Patricia, dawa akawa hazifuati inavyotakiwa, alipofika Japani akaangukia homa iliyopita nyuzi 41, wakamkimbiza hospitali ya jeshi Okinawa na Robert alisema baadaye kwamba hawakutegemea angepona. Hiyo ndo kanuni namba moja ya ugonjwa huu, na aliijua kwa njia ngumu: dawa haikatwi, na ukiumwa inaongezwa.

Pale pazuri zaidi kitaalamu ni 1954. Mgongo ulikuwa umemfikisha kwenye magongo, akataka apasuliwe. Madaktari wa Lahey Clinic Boston wakasita, na sababu ilikuwa ni Addison, sio mgongo. Mgonjwa asiye na adrenali akiwekwa kisu mwili unadai kotisoli nyingi na hakuna wa kuitoa, na walishaona watu wakifa mezani au siku mbili baadaye. Akaenda New York, timu ya kule ikakubali, wakaweka na daktari wa homoni ndani ya mpango, na tarehe 21 mwezi wa kumi wakamuunga mifupa ya mgongo na kumwekea bamba la chuma, huku wakimpa kotisoni kwa sindano na dripu kabla, wakati na baada. Upasuaji wenyewe alipita. Siku chache baadaye njia ya mkojo ikaingia maambukizi, akapoteza fahamu, padri akaitwa tena. Akarudi. Mwezi wa pili 1955 wakamfungua tena kulitoa lile bamba kwa sababu kidonda kilikuwa kimeoza kwa ndani.

Mwaka huohuo 1955 madaktari wa timu ile wakachapisha makala kwenye jarida la upasuaji kuhusu namna ya kumpasua mtu mwenye adrenali zilizokufa, na mmoja wa wagonjwa waliowaeleza ni mwanaume wa miaka 37, ana Addison ya miaka saba, anapachikwa DOCA miligramu 150 na anameza kotisoni 25, amefanyiwa upasuaji wa mgongo New York tarehe 21 mwezi wa kumi 1954. Jina hawakuweka. Ila tarehe ilikuwepo, na magazeti ya siku zile yalikuwa yameandika senata gani anapasuliwa mgongo New York. Yaani siri kubwa ya kiafya ya mtu aliyekuwa anaelekea kuwa rais ilikuwa imekaa maktaba kwa miaka mitano kabla ya uchaguzi, na aliyekuja kuziunganisha hizo nukta kwenye jarida la madaktari aliandika 1967, mtu ameshakufa.

Uchaguzi wa 1960 ndo sehemu inayonikera. Tarehe 4 mwezi wa saba watu wa Lyndon Johnson, mpinzani wake ndani ya chama kwenye kugombea urais, yaani John Connally na India Edwards, wakaita waandishi wakasema Kennedy ana Addison na anaishi kwa kotisoni. Ilikuwa ni kweli tupu. Upande wa Kennedy ukajibu kwamba hana ugonjwa unaoelezwa kiasili kama Addison, ambao ni tezi za adrenali kuharibiwa na kifua kikuu. Someni tena hiyo sentensi taratibu. Hawakusema adrenali zake ni nzima. Walichofanya ni kuibana maana ya ugonjwa mpaka ibaki ile ya TB peke yake, kwa kuwa wagonjwa wengi wa Addison mwenyewe walikuwa na TB, halafu wakakanusha TB, na TB kweli hakuwa nayo. Madaktari wawili wakatoa na barua ya kumsafisha kwamba adrenali zake zinafanya kazi. Naelewa siasa, naelewa wangemshinda kwa hilo, ila daktari kuandika kwamba tezi inafanya kazi wakati anajua mgonjwa akikosa vidonge atakufa, hapana, hilo silikubali hata kwa rais. Na lilikuwa na gharama yake, maana kila mgonjwa wa Addison wa miaka ile aliyekuwa anaambiwa maisha yake yameisha angeweza kumwangalia mtu anayeongoza nchi kwa dawa zilezile anazomeza yeye.

Maana aliongoza kweli. Orodha ya dawa zake za ikulu iliyotunzwa na daktari wake Janet Travell inaonyesha hydrocortisone na prednisoni kwa ajili ya kotisoli, fludrocortisone kidonge kimoja cha miligramu 0.1 kwa ajili ya chumvi badala ya vile vitonge vya zamani, testosteroni, na homoni ya thairoidi, ile tezi ya shingoni. Mwezi wa kumi 1962 kwenye zile siku 13 za makombora ya Cuba dozi ya hydrocortisone iliongezwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, akili inachemka mchana na usiku na tezi za kusaidia hakuna. Mwezi wa saba 1963 ndo huyuhuyu aliyempokea Mwalimu Nyerere White House, presha yake ikishikiliwa na kile kidonge cha chumvi.

Hiyo thairoidi nayo ina maana yake. Mwaka 2009 daktari wa jeshi la maji la Marekani, Lee Mandel, baada ya kupitia kumbukumbu za Kennedy aliandika kwamba picha nzima inaelekea kwenye ugonjwa mmoja ambao kinga ya mwili inashambulia tezi zaidi ya moja, adrenali na thairoidi kwa pamoja, aina ya pili ya ugonjwa huo. Dada yake Eunice naye alikuwa na Addison, kwahiyo kwenye familia kulikuwa na kitu. Na hapa kuna mtego ambao kila anayetibu anatakiwa aujue. Mgonjwa akija amechoka, vipimo vinaonyesha thairoidi iko chini, ukampa homoni ya thairoidi peke yake bila kuangalia adrenali, mwili unaongeza kasi ya kuivunja ile kotisoli kidogo iliyobaki na unaweza kumtumbukiza kwenye hali ya kufa kwa dawa uliyompa kwa nia njema. Kotisoli inatangulia, thairoidi inafuata.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1963, pale hospitali ya Parkland, Dallas, kichwa kimeshapasuliwa na risasi, madaktari wanahangaika na njia ya hewa, daktari wake Burkley aliwapa hydrocortisone miligramu 300 wamuingizie kwenye mshipa, kwa sababu adrenali zake hazifanyi kazi. Haikuweza kumsaidia kwa jeraha lile. Ila kitaalamu alikuwa sahihi, mtu wa Addison akipata ajali hydrocortisone haisubiri kitu kingine. Usiku ule walimfanyia uchunguzi wa maiti kwenye hospitali ya jeshi la maji ya Bethesda na ripoti haikusema lolote kuhusu adrenali. Ilikuja kusemwa hadharani 1992 na waliokuwepo, kwamba walizitafuta kwa macho hawakuona kitu, tezi zilikuwa zimeisha.

Sasa kwanini nimeandika yote haya kwa Kiswahili, kwa watu ambao wengi hawatakutana na Addison ya kinga kama ya Kennedy? Kwa sababu huku kwetu njia za kufikia palepale ni nyingine na zipo nyingi. Ya kwanza ni TB, ileile waliyoitumia kujitetea 1960. Kifua kikuu kikisambaa kwenye damu kinapenda adrenali, na ubaya wa ziada ni kwamba rifampisini, dawa ya msingi kabisa ya TB, inalifanya ini livunje kotisoli haraka zaidi, kwahiyo mtu ambaye tezi zake zilikuwa zimebakiza nguvu kidogo anaweza kuanza dawa za TB na wiki chache mbele akazidiwa, anatapika, presha chini, na nyumbani wakasema dawa ni kali hazimfai. Dawa za TB asiache. Apimwe kotisoli ya asubuhi, sodiamu na potasiamu, na kama amezidiwa apewe hydrocortisone miligramu 100 na dripu ya chumvi kwanza, majibu yatamkuta akiwa hai.

Njia ya pili ni ya kujitengenezea. Ukimeza prednisoloni au deksamethasoni, yaani steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, kwa zaidi ya wiki tatu nne pituitari inaona homoni imejaa, inaacha kutoa ACTH, na adrenali zisizoamrishwa zinasinyaa. Ukiacha ghafla, wiki hiyo unakuwa Kennedy wa 1947 isipokuwa ngozi haikolei weusi, maana ACTH iko chini. Wapo waliozianza kwa haki kabisa, pumu, lupus, baridi yabisi, halafu dawa zikaisha mwisho wa mwezi na hela hakuna. Na wapo wanaozila bila kujua, kwenye vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa bila cheti ambavyo vingine ndani ni deksamethasoni, na kwenye mkorogo, maana krimu nyingi za kujichubua zina klobetasoli, steroidi kali inayopita kwenye ngozi na kuingia kwenye damu, mtu anajipaka mwili mzima mara mbili kwa siku kwa miaka. Siku anaamua kuacha, au anapelekwa kujifungua kwa kisu, hakuna mtu chumba cha upasuaji anayejua kwamba tezi zake zimelala, kwa sababu kwenye fomu aliulizwa unatumia dawa gani akajibu hakuna, krimu haihesabu kuwa ni dawa.

Kwahiyo kama ni wewe, hizo krimu na vidonge usiache kwa siku moja, nenda upangiwe kushuka polepole, na ukiulizwa hospitali unatumia nini taja mpaka unachopaka. Kama umeshaambiwa una Addison au umekuwa kwenye steroidi muda mrefu, siku ya homa dozi inazidishwa mara mbili au tatu kwa maelekezo utakayokuwa umepewa mapema, siku ya kutapika vidonge havikai tumboni kwahiyo ni sindano na ni hospitali muda uleule, na kikaratasi kilichoandikwa ugonjwa wako na hydrocortisone 100 kinakaa kwenye pochi pamoja na kitambulisho, mwenzio nyumbani akijua kilipo.